Naomba ushauri: Medicare na Medicaid kwa mama asiye na miaka 10 ya michango

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima.

Mama yangu, ninayeishi naye hapa Marekani, anakaribia kutimiza miaka 65. Ana ukaazi wa kudumu na ameishi hapa mfululizo zaidi ya miaka 5, lakini hakuwahi kuajiriwa, na marehemu baba hakufanya kazi nchini humu, kwa hiyo hana ile miaka 10 ya michango (kodi inayokatwa kwenye mshahara) inayompa mtu Sehemu A (ya hospitali) ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, bila malipo ya kila mwezi. Kipato chake ni kidogo mno.

Nimepiga simu ofisi inayohusika, nikapewa majibu yanayopingana: mmoja alisema aombe Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) pekee, mwingine akasisitiza ajiandikishe Sehemu B ya Medicare (ya madaktari na matibabu ya nje) ndani ya ile miezi 7 inayozunguka mwezi wa kutimiza miaka 65, kwa sababu anayechelewa huongezewa ada kwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliochelewa. Huyu wa pili ndiye aliyenishawishi zaidi.

Naomba kuuliza: je, tuanze na maombi ya Medicaid au ya Sehemu B? Na kwa aliyepitia hali hii, jimbo lilikubali kumlipia mzazi wako ada za Sehemu A na B, na lilidai nyaraka zipi?