Nimeitwa Polisi (Moshi) na Magereza (Kiwira) kwa mpigo. Kwa malazi na msosi, wapi kuna nafuu?

Mgeni_wa_Buti (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niliomba kote kote na Mungu si Athumani, majina yametoka na nimo sehemu mbili: Shule ya Polisi Moshi na Chuo cha Magereza Kiwira. Tarehe za kuripoti zimepishana siku chache tu, kwa hiyo lazima niache moja.

Mshahara, cheo na mambo ya kupanda vyeo nimeshayasoma kwenye nyuzi nyingine, msinirudishie huko. Ninachotaka kujua ni maisha ya ndani: mahanga (mabweni ya makuruta), maji, baridi, na chakula. Hasa chakula. Nina tumbo bovu. Nikila maharage siku mbili mfululizo nalala nimekunja magoti. Muuza duka la dawa hapa Kahama alishaniambia ni vidonda vya tumbo, nikawa nameza vidonge vyake.

Na tafadhali, msinijibu "kuruta hachagui".

Sajini_Kiporo

Kuruta hachagui.

Haya, nimeshacheka, sasa nikujibu. Mimi nilipita Moshi enzi watu wote wakiiita CCP, yaani Chuo Cha Polisi, na wazee bado tunaiita hivyo. Kitu cha kwanza: ukienda Polisi, ukienda Magereza, ukienda Uhamiaji kule Mkinga au Zimamoto kule Chogo, Handeni, sufuria ni lile lile. Uji asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na maharage usiku, wali na nyama ukiwa na bahati ya siku yenyewe. Anayekwambia chuo fulani kuna pilau kila Ijumaa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tofauti inakuja kwenye muda wa kula. Wiki za mwanzo utafundishwa kumaliza sahani ya ugali wa moto wakati afande anahesabu. Ulimi unaungua, unameza hivyo hivyo. Huo ndio unaoharibu matumbo ya watu kuliko maharage yenyewe. Mwenzangu kitanda cha chini alikuwa anatumbukiza tonge kwenye kikombe cha maji lipoe. Tulimcheka wiki moja, wiki ya pili meza nzima ilikuwa inafanya hivyo.

Mndali_Halisi

Mimi mtu wa Rungwe, Mbeya, ndiko Kiwira iliko, nizungumzie Kiwira kwa upande wa mbingu, maana chakula sijui cha ndani ya geti.

Ndugu wa Kahama, huijui mvua. Tukuyu na vijiji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa tano ambapo kwenu vumbi limeshaanza, huku bado tunatembea na miavuli. Baridi yake ni ya unyevunyevu, inaingia kwenye mifupa. Usije na jaketi la sponji linalofyonza maji, njoo na sweta la sufi na soksi nyingi. Nguo ukiifua Jumatatu utaivaa Alhamisi, na bado kwapani inanukia.

Kwa chakula cha mtaani, lakini, Moshi isijilinganishe nasi. Ndizi, viazi, parachichi, maziwa, vyote bei ya kutupa. Siku ya ruhusa utakula ushibe kwa hela ambayo Dar unanunulia soda.

Sajini_Kiporo

@Mndali_Halisi hapo kwenye soksi umenena. Kwa ambao hamkupita: soksi mbichi haianikwi, inalaliwa. Unaikunjua bapa chini ya shuka, mgongo wako ndio pasi. Asubuhi imekauka, wewe ndiye umelowa.

BintiNdoo

Wanaume mmeanza na ugali kama kawaida yenu. Mimi nianze na maji, maana ndiyo yaliyonitoa machozi. Chuo nilichopita sitakitaja, na wala si miongoni mwa hivi viwili.

Hanga letu lilikuwa na mabinti zaidi ya sitini, vitanda vya deka, mabomba manne, mawili yakiwa ya mapambo. Maji yalitoka usiku kuanzia saa nne hivi. Foleni ya ndoo ilianza saa tatu, na taa zilitakiwa kuzimwa saa nne. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekosa anaoga kikombe kimoja, uso na kwapa, basi, na saa kumi na moja alfajiri filimbi hiyo, mchakamchaka.

Siku ya tatu ndoo yangu iliibiwa. Niliiandika jina kwa maki-pen, mwizi akasugua kwa mchanga likatoka. Ya pili nikaiandika kwa msumari uliochomwa motoni, herufi zikazama kwenye plastiki yenyewe. Ile nilimaliza nayo kozi na hadi leo inafugia unga jikoni kwangu.

Mabinti mnaosoma uzi huu: taulo za kike za miezi miwili muwe nazo kwenye begi, msitegemee kantini. Na nywele mkate kabisa nyumbani kwa kinyozi wenu. Kukatwa siku ya kwanza na mtu mwenye haraka si jambo la kusimulia.

Mgeni_wa_Buti

@BintiNdoo asante dada. Hiyo ya msumari sikuitegemea.

@Sajini_Kiporo na baridi ya Moshi vipi? Kuna jamaa amenitisha kwamba chuo kiko mlimani.

Sajini_Kiporo

Huyo hajafika. Moshi mjini ni joto muda mwingi wa mwaka, ukiondoa mwezi wa sita hadi wa nane ambapo asubuhi inakuwa na ukungu na unatamani shuka. Mlima unauona tu, na si kila siku, anapenda kujifunika. Baridi yenyewe inakungoja kwenye medani, ukipelekwa porini West Kilimanjaro upande wa Siha. Kule usiku nilivaa kila nilichokuwa nacho, hadi bukta juu ya suruali, na meno bado yanagongana. Chai ya kule hata isiyo na sukari inanyweka kama dawa ya uhai.

Kwa hiyo usijidanganye: Moshi utaonja joto na baridi, Kiwira utaonja baridi na mvua. Nguo za kuzuia baridi beba kokote.

Mtoto_wa_Likoni

Ndugu zanguni wa Bongo, mimi Mkenya, niruhusuni nichangie. Huku kwetu makurutu wa Polisi wa Kenya huenda Kiganjo, kule Nyeri, na wengine Embakasi jijini Nairobi. Mimi mswahili wa pwani, maisha yangu yote sijapata kuvaa sweta, nikapelekwa Kiganjo, katikati ya Mlima Kenya na Aberdare, mwezi wa Julai. Asubuhi ya kwanza vidole vilikufa ganzi nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Mwenzangu Mkalenjin ndiye aliyenifunga, kifungo kwa kifungo, kama mtoto wa chekechea, na huku anacheka.

Na chakula, aa. Mtu amezoea wali wa nazi na samaki wa kupaka, anapewa githeri. Mahindi na maharagwe yamechemshwa pamoja, nyinyi mwaita makande. Wiki ya kwanza niliyatazama tu. Wiki ya pili nilikuwa nafuta sahani kwa kidole. Njaa ya kwata haina kabila.

Kama wataka ulinganisho, wenzangu waliokwenda Embakasi walisema baridi kwao si kali, lakini jiji liko nje ya ua, wasikia matatu zikipiga honi na muziki, na huwezi kutoka. Mimi naona heri baridi kuliko hamu hiyo.

Mwiko_Mkubwa

Nimesoma hadi hapa nikaona maharage yanasingiziwa. Nimepika jikoni za taasisi miaka kumi na saba, mbili kati yake zikiwa za majeshi, nyingine shule za bweni. Sasa nimestaafu, nasema.

Maharage yanayokunja magoti ya watu mara nyingi yana kosa la mpishi. La kwanza, hayakulowekwa usiku. Ukiyaloweka na yale maji ukayamwaga, gesi nyingi inakwenda na maji. Mpishi mvivu anayapeleka sufuriani makavu saa kumi na mbili asubuhi, saa sita yanatakiwa mezani. Hayaivi. Ndipo anafanya kosa la pili: anatupia magadi. Yanalainika upesi, rangi inakuwa nyeusi-nyeusi, na ladha ya sabuni inabaki kooni. Ukiona maharage meusi yanayoteleza, hapo kuna magadi, kula kidogo.

Ugali nao. Kwa watu mia na ishirini hivi nilikuwa natumia gunia la kilo 50 la sembe kwa mlo mmoja. Huo husongi kwa mwiko wa nyumbani, unasonga na mwiko mrefu kama kasia, watu wawili mnapokezana, na chini kukishika moto wa kuni unapata ukoko hapa na ubichi pale. Ubichi huo nao unauma tumbo. Tangu litoke lile agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, jiko nililomalizia kazi lilihamia gesi. Moto unaupunguza kwa mkono, ugali unaiva sawasawa. Uji pia uliacha kunuka moshi. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha vyuo, uliza jiko lao linatumia nini. Hilo litakwambia mengi kuliko kuuliza wanakula nini.

Fungu_la_Kantini

Mzee Mwiko umeongea ya kitaalamu, mimi niongee ya mfukoni. Hakuna aliyetaja kantini hapa. Chapati mbili na chai ya rangi kila jioni, unasema si kitu. Mwisho wa mwezi unashangaa posho imekwenda wapi. Mimi nilikuwa na daftari la mkopo kantini lililokuwa refu kuliko notisi zangu za sheria.

Tabibu_wa_Kata

@Mgeni_wa_Buti, wenzangu wamekujibu vizuri lakini wamekuacha na kitu cha hatari. Wewe hujui unaumwa nini. Umeambiwa vidonda na mtu wa kaunta.

Vidonda vya tumbo havisababishwi na maharage wala pilipili. Vingi vinatokana na bakteria, Helikobakta pailori, na kipimo chake cha choo kinapatikana hospitali nyingi za wilaya. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Na hapa ndipo nataka uelewe: kuruta anameza hizo kama karanga. Muundi unauma kwa sababu ya mbio, goti limevimba kwa kwata, anameza kimoja asubuhi akiwa hajala, kimoja usiku. Mwezi wa pili anatapika damu, halafu wenzake wanasema "maharage ya chuo".

Nenda kapime kabla ya kuripoti. Ukiwa nao hao bakteria kuna dozi, antibayotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, umalize zote. Ukifika chuoni, kwenye uchunguzi wa afya sema ukweli. Najua watu wanaficha wakiogopa kurudishwa. Aliyeficha ndiye huwa anaanguka kwenye mbio za kilomita nyingi na hakuna anayejua pa kuanzia kumtibu.

Sajini_Kiporo

Tabibu umenikumbusha, mimi na hizo diklofenaki tulikuwa marafiki wakubwa. Ndiyo maana leo nakunywa maziwa kama mtoto.

Kasulu_Boy

Mimi niko tofauti na wote. Niliyapata hayo yote JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kabla, kwa mujibu wa sheria, nikaona depo, yaani mafunzo ya ukuruta, ni kurudia darasa. Kama hujapita JKT, soma tu lile tangazo lao wanalotoa kwa wahitimu wa kidato cha sita, hata kama hulihusiki: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, raba, nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, nauli ya kwenda na kurudi. Orodha ya chuo chako itafanana sana na hiyo. Fuata rangi iliyoandikwa. Kuna mtu alikuja na shuka la maua, akaitwa Bustani hadi siku ya kumaliza.

Na kwenye kuchagua: usichague kwa sababu ya ugali. Chuo ni miezi, kazi ni miaka thelathini.

BintiNdoo

@Kasulu_Boy amesema mwanzoni hataki ushauri wa kazi, anataka wa tumbo. Mheshimu.

Mgeni_wa_Buti

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilikwenda hospitali ya wilaya Ijumaa. Tabibu alikuwa sahihi, wamewakuta hao bakteria. Nimepewa dozi ya siku 14, leo ya tano. Mdomo mchungu kama nimelamba betri lakini jana nimekula maharage ya mama, nimelala nimenyooka.

Nimechagua Moshi. Sababu si mlima wala msosi: kuanzia hapa hadi kuripoti Moshi dozi itakuwa imeisha, na Kiwira tarehe yao ingenikuta katikati ya vidonge. @Mndali_Halisi nisamehe, ndizi zenu nitazifuata siku nikiwa na likizo.

Nimeshanunua shuka, soksi jozi sita, na msumari nimeuweka pembeni. Limebaki swali moja: ndoo ya lita 10 au 20?

BintiNdoo

Kumi. Ya ishirini ikijaa ni wewe utakayeibeba kutoka bombani hadi hangani, gizani, na kandambili zinateleza.

Sajini_Kiporo

Na iwe na mfuniko. Kwenye hanga la wanaume, ndoo iliyo wazi usiku huwa haibaki na maji matupu.