Familia ya Ngamiani, Tanga: Zuhura anakaribia kufunga shule

*Jumatatu, 1 Desemba*

Mama Zuhura (Minnesota): Asalaam aleikum wote. Mama shikamoo, kaka shikamoo. Shule ya Zuhura inafungwa tarehe 19 na mwalimu kaleta ratiba ndefu kama ya harusi. Kujenga nyumba za biskuti, kukata theluji za karatasi, kuchangia makopo ya chakula kwa wasiojiweza, tamasha la nyimbo, na siku ya kwenda shule na nguo za kulalia.

Bibi (simu ya Hamisi): Marahaba mwanangu. Ni Hamisi naandika. Bibi anasema nani aende shule na nguo za kulalia??

Mwanaidi (Dar): Hahaha kwangu angerudishwa getini

Mama Zuhura: Darasa zima mama. Na mwalimu naye anavaa.

Bibi (simu ya Hamisi): Anasema astaghfirullah. Anauliza huyo mwalimu ni mwanamke?

Mama Zuhura: Mwanamke 😂

Kaka Bakari (Muscat): Marahaba. Sasa wiki tatu zote hizo wanasoma saa ngapi?

Mama Zuhura: Wanasoma kaka. Hesabu na kusoma ziko palepale, haya mengine yanachomekwa. Hata ile theluji ya karatasi ni hesabu, wanakunja mpaka itoe ncha sita zinazolingana. Ukipitiliza mkasi kwenye kunjo, ukifungua inamwagika vipande. Zuhura kamwaga tatu, ya nne ndiyo iko dirishani.

Mwanaidi (Dar): Hiyo naichukua. Sisi tumeshafunga, nitaanza nayo Januari. Wako wangapi darasani?

Mama Zuhura: 24

Mwanaidi (Dar): Mimi 96. Mikasi minne.

Kaka Bakari (Muscat): Na hizo nyimbo za tamasha ni za Krismasi? Mtoto aangaliwe.

Mama Zuhura: Nimeshauliza. Ni za theluji na kengele na mtu wa barafu. Shule ya serikali inaruhusiwa kufundisha habari za dini, kuwafanyisha watoto ibada hapana.

Kaka Bakari (Muscat): Ni kweli. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza sala zinazopangwa na shule za serikali tangu 1962.

Mwanaidi (Dar): Kaka keshaingia Google

Kaka Bakari (Muscat): Nilikuwa najua.

*Alhamisi, 4 Desemba*

Mama Zuhura: Leo zamu ya nyumba za biskuti. Wanaosha yale maboksi madogo ya maziwa ya chakula cha mchana, wanabandika biskuti pande zote kwa sukari ya unga iliyopigwa na ute wa yai. Ikikauka haing'oki hata kwa kisu. Halafu mapambo ya peremende. Sasa kuna zile laini nyeupe, nyingi zina jelatini ya nguruwe, nikapita duka la Wasomali nikampa Zuhura pakiti ya halali.

Bibi (simu ya Hamisi): Anauliza mwalimu hakununa?

Mama Zuhura: Wala. Kumbe kuna mtoto wa Kihindi naye hali jelatini. Kasema mwakani ananunua hizohizo kwa darasa zima, yaishe.

Bibi (simu ya Hamisi): Anamuombea dua. Amemsamehe na nguo za kulalia.

Mama Zuhura: Mama subiri nikwambie. Nyumba za wenzake zote zina mlango na paa basi. Ya Zuhura ina biskuti imelazwa mbele ya mlango. Mwalimu kauliza ni nini hii, kajibu, "Ni baraza, bibi yangu anakaa hapo."

Mwanaidi (Dar): 😭😭

Bibi (simu ya Hamisi): (bibi kachukua simu anatafuta picha, hakuna picha)

Mama Zuhura: Baba yake kaila hiyo baraza alivyorudi kazini.

*Jumanne, 9 Desemba*

Mama Zuhura: Jamani naomba ushauri. Wiki ya mwisho wanasoma sikukuu mbalimbali, Hanukka, Diwali, Krismasi, Kwanzaa. Mwalimu kaniomba Jumatano tarehe 17 nifundishe Kwanzaa, kwa sababu maneno yake ni ya Kiswahili.

Bibi (simu ya Hamisi): Kwanza nini?

Kaka Bakari (Muscat): Kwanzaa mama. Sikukuu ya Wamarekani Weusi. Ilianzishwa na Maulana Karenga, California, 1966. Inaanza 26 Desemba mpaka 1 Januari. Mishumaa saba, kila siku na neno lake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Bibi (simu ya Hamisi): Anasema ujamaa upi, ule wa kupanga foleni ya sukari?

Mwanaidi (Dar): MAMA 😂😂😂

Mama Zuhura: Sasa mimi Kwanzaa nimeijulia hukuhuku. Sijawahi kuwasha hata mshumaa mmoja.

Kaka Bakari (Muscat): Nenda tu, watajuaje?

Mwanaidi (Dar): Kaka usimharibie. Watoto wa darasa la pili wanamjua mtu anayebabaisha kabla mwalimu hajajua. Dada, tafuta mwenye sikukuu yake aieleze, wewe kaa kwenye matamshi.

Mama Zuhura: Yupo bibi wa rafiki yake Zuhura, Mmarekani Mweusi, kwao wanawasha kila mwaka. Nitamuomba. Mimi nilitaka kupeleka kashata lakini karanga marufuku, na chochote cha kupikwa nyumbani hakipokelewi. Lazima pakiti ya dukani iliyoandikwa vilivyomo, kuna watoto wana aleji.

Bibi (simu ya Hamisi): Anasema huo ni uchoyo umepewa jina. (Mimi Hamisi nasema hata darasani kwetu kuna jamaa akila karanga anavimba midomo.)

Mama Zuhura: Itakuwepo kazi ya mikono, mkeka wa karatasi. Kinara cha mishumaa hutandikiwa mkeka.

Bibi (simu ya Hamisi): Kaongea dakika mbili, nafupisha. Karatasi ikunjwe, ikatwe mistari isifike ukingoni. Vipande vipite kimoja juu kimoja chini, kinachofuata kianze kinyume. Kila kipande kisukumwe kikae na mwenzake kabla hujaingiza kingine, wasingoje mwisho. Na mwalimu aambiwe huo si mkeka, ni mchezo. Mkeka unaanza na ukindu, unaanikwa, unachanwa, unachemshwa na rangi, ndipo unasukwa ukili, ule mkanda mrefu. Ukili ukipata pima za kutosha unashonwa. Anauliza kwa nini asiwaonyeshe mwenyewe.

Mwanaidi (Dar): Dada mpigie ya video!

*Ijumaa, 12 Desemba*

Mama Zuhura: Siku ya nguo za kulalia imefika. Zuhura kakataa pajama, kavaa dera aliloletewa na mama kwa Idi. Ndani nguo nzito, juu suruali ya theluji, dera lote limesokomezwa humo, anatembea kama pipa. Nje ni hasi 20 za Selsiasi. Hawatolewi nje kucheza.

Bibi (simu ya Hamisi): Anasema dera si la kulalia!! Ni la kutokea!!

*Jumatano, 17 Desemba*

Mama Zuhura: Mama uko tayari? Napiga saa nne asubuhi ya huku, kwenu saa moja usiku.

Bibi (simu ya Hamisi): Keshaswali magharibi. Yuko barazani na ukili wake na khanga mpya. Anasema fanyeni haraka kabla ya isha.

Mwanaidi (Dar): Haya leteni habari. Mbona kimya?

Bibi (simu ya Hamisi): Umeme ulikatika katikati. Nikammulika bibi kwa tochi, watoto wakapiga makofi wakadhani ndiyo Kwanzaa yenyewe.

Mama Zuhura: 😂 Na huku mishumaa ilikuwa ya betri, moto hauruhusiwi darasani. Yule bibi kaeleza vizuri sana, mweusi katikati, myekundu mitatu upande huu, ya kijani mitatu upande ule, na kwao mjukuu mdogo ndiye anayewasha. Mimi nikawatamkisha. Kujichagulia waliishika, wakaenda nayo wanaipigia kelele mpaka kwenye kuvaa majaketi. Nilisaidia kufunga zipu. Watoto 24, mabuti, glavu, kofia, wa mwisho ukimaliza wa kwanza anataka chooni.

Kaka Bakari (Muscat): Na mikeka?

Mama Zuhura: Iliyonyooka labda kumi. Walipomuona mama vidole vinakwenda bila kutazama, na huku anawauliza majina, wakaacha ya kwao wakabaki kumwangalia. Mmoja kauliza kwenu kuna theluji? Mama kajibu iko Kilimanjaro na ndani ya friji.

Mwanaidi (Dar): Huyo ndiye mama

Mama Zuhura: Sasa mwalimu anataka kununua mkeka wa kweli, wautandike kwenye kona ya kusomea vitabu. Januari kuna mtu wetu anatoka Tanga atanibebea.

Bibi (simu ya Hamisi): Anauliza kona hiyo ina hatua ngapi kwa ngapi, na watoto wanakaa na viatu? Kama ni na viatu atashona wa ukili mpana. Na utume nusu ya hela kwanza, rangi imepanda.