Daktari anataka kutoa mshipa mguuni auunge mkononi, nikubali?

Kovu Refu: Wakuu habari zenu. Mkono wa kulia kidole cha mwisho na nusu ya cha pete vimekufa ganzi, na nyama ya kati ya gumba na shahada inazidi kuisha. Daktari anasema mshipa wa fahamu umekatika na pengo ni kubwa, kwa hiyo achukue mwingine mguuni auunge hapo. Swali langu moja tu, nitatembea kweli??

Mama Pacha: Pole baba. Shemeji yangu alipasuliwa mgongo, watu wakasema hatasimama, leo anacheza ngoma. Muombe Mungu kwanza.

Koleo: Vilivyobaki vinatosha kuhesabia hela 😂

Nusu Kaputi: Utatembea. Huo wa nyuma ya kigimbi hauchezeshi misuli, kazi yake kuhisi tu, utabaki na ganzi ubavuni mwa unyayo. Ila uliumia lini?

Kovu Refu: Si zamani sana mkuu.

Nusu Kaputi: Si zamani ndo lini?

Kovu Refu: Kioo kilinikata chini ya kiwiko wakashona ngozi tu, sasa ni mwezi wa nane tangu hapo. Lakini naona unarudi wenyewe maana nikigonga kovu napigwa shoti mpaka kidoleni, na vitamini nameza na mazoezi nafanya, sijakaa tu jamani.

Nusu Kaputi: Shoti imesogea au iko palepale? Mshipa ukiota, sehemu ya kugonga inashuka kuelekea vidoleni, kama milimita 1 kwa siku. Kama ni kovuni tu miezi yote hiyo, haujavuka. Na misuli ikikaa mwaka hadi mwaka na nusu bila mshipa haipokei tena, hapo utaambiwa habari za kuhamisha kano, yaani kamba ya msuli mzima ihamishwe ifanye kazi ya uliokufa.

Msumari: Chai hii. Mara ganzi, mara kioo, mara miezi minane, na mwenye mkono mbovu anashusha aya ndefu hivi?

Koleo: Chai ya rangi kabisa 😂😂

Nusu Kaputi: Kovu, bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa shahada, mtu aivute.

Kovu Refu: Imechomoka. Nikikaza, ncha ya gumba inajikunja yenyewe, kushoto haijikunji.

Nusu Kaputi: Msumari, hilo sikumwambia aangalie. Mshipa umekufa kweli. Kovu, tarehe ya upasuaji lini?

Kovu Refu: Nimeisogeza mwezi mmoja tu, kazini kumebana.

Nusu Kaputi: Mwezi ni sentimita 3 za mshipa.

Msumari: Sijaamini bado. Ila mimi vidole hivyohivyo vinakufa ganzi nikilalia kiwiko, itakuwa nini?