Re: Leseni ya kuuza watoto wa mbwa Pennsylvania, ni mpaka uwe na mbwa wangapi?

Mama Neema, Lancaster:

Wapendwa habari za huko mliko. Naomba ushauri kwa anayejua. Mume wangu ana majike wawili wa German Shepherd, na shemeji yangu tunayekaa naye nyumba moja ana wake mmoja, wote watatu tunategemea watazaa mwaka huu. Wenzake kazini wanamwambia uza tu onlaini, mbwa watatu si biashara hiyo, leseni ni ya wale wenye mabanda makubwa huko mashambani. Mwingine anasema ile leseni ya mbwa ya kaunti ndo hiyo hiyo, inatosha. Mi roho haijatulia kabisa maana makaratasi yetu ya uraia yako njiani na sitaki kesi ya mbwa ije kuingia humo. Mwenye ukweli atusaidie.

Baba Zawadi, Harrisburg:

Dada Mama Neema salama. Mi nimefanya kazi shelta ya mbwa, yani kituo cha mbwa wasio na wenyewe, muda mrefu, naandika ninachokijua, mambo ya uraia muulize wakili wako.

Kwanza hizo leseni mbili usizichanganye. Ya kaunti ni ya mbwa mmoja mmoja, kila mbwa akifika miezi mitatu lazima awe nayo, unalipa kwa mweka hazina wa kaunti, dola 8.70 kwa mwaka, au 52.70 ukitaka ya maisha na hapo lazima mbwa awe na maikrochipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) au alama ya kudumu. Wazee wa miaka 65 na wenye ulemavu wanapunguziwa. Ukikutwa huna faini inaweza kufika dola 500 kwa mbwa mmoja, sasa piga hesabu mwenyewe kama 8.70 ni kitu cha kukwepa. (Walioko Philadelphia wenzetu wana utaratibu wao wa mji.)

Ya pili ndo hiyo unayouliza, ya keneli, yani pahali pa kufugia na kuzalishia mbwa, inatoka Wizara ya Kilimo ya jimbo, ile ofisi ya sheria za mbwa. Na hapa ndo watu wetu wengi wanaponaswa kwa sababu wanahesabu mbwa waliolala uani leo. Sheria haihesabu hivyo. Inahesabu mbwa wote waliopita mikononi mwenu kuanzia Januari mpaka Desemba, wa umri wowote, uliofuga, uliotunza, uliouza, uliogawa, jumla wakifika 26 pahali pamoja unatakiwa uwe na leseni. Sasa nyie mna majike watatu, German Shepherd kuzaa wanane ni kawaida tu, tatu mara nane 24, ongeza mama zao watatu mmeshafika 27, na dume sijamhesabu. Kwa hiyo hao wa kazini wanaosema mbwa watatu si kitu wanampoteza shemeji na mume wako, na kwa kuwa nyumba ni moja msitegemee kwamba huyu atasema wangu wawili na yule atasema wangu mmoja.

Ushauri wangu, kama hamtaki hayo mambo, mwaka huu zalisheni mmoja tu. Kama mnataka kweli biashara ombeni leseni kabla watoto hawajazaliwa, na kabla hata ya hapo nendeni tauniship, yani serikali ya mtaa wenu, mkaulize zoning, ile mipango ya eneo gani ni la makazi na lipi ni la biashara, manake jimbo likikubali halafu tauniship ikasema eneo hili ni la makazi, hamna keneli hapo. Na kama nyumba ni ya kupanga landilodi naye ana neno lake.

Mama Neema, Lancaster:

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Swali moja, tukigawa baadhi bure kwa watu wa kanisani hesabu haipungui? Na kuna mtu alituambia Jumamosi tupeleke maegesho ya duka kubwa, watu wananunua hapo hapo.

Baba Zawadi, Harrisburg:

Haipungui. Kugawa bure kunahesabika sawasawa na kuuza, nilishaandika hapo juu. Na maegesho dada msithubutu, sheria inakataza kuuza, kubadilishana, kupiga mnada au kufanya bahati nasibu ya mbwa hadharani, isipokuwa kwenye keneli yenye leseni au maonyesho ya mbwa na sehemu chache kama hizo. Halafu mtoto wa mbwa asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Na mikia na masikio msijikatie nyumbani kama tulivyozoea kuona, masikio ni daktari tu tena kwa ganzi, mkia akishapita siku tano naye ni daktari.

Mjue pia kwa nini jimbo hili lina macho hivi. Lancaster mnayokaa ndo kitovu cha mabanda ya kuzalishia, wakulima wengi wa Kiamish na Kimenonite (madhehebu ya Kikristo) wanafuga mbwa kama wengine wanavyofuga kuku, na jina lilishaharibika zamani. Mwaka 2008 kule Kaunti ya Berks ndugu wawili wenye keneli waliagizwa na maafisa wawapeleke mbwa kwa daktari, wao wakaona gharama, wakawapiga risasi mbwa 80, na sheria ya wakati ule ilikuwa inawaruhusu! Kelele zilipigwa, mwaka huo huo Gavana Ed Rendell akasaini Act 119. Tangu hapo keneli kubwa za biashara haziruhusiwi sakafu ya nyaya kwa mbwa wakubwa, kuua mbwa ni kazi ya daktari, na uchunguzi wa daktari ni wa lazima. Keneli ya biashara ni ile inayouzia dukani au kwa dalali, au inayotoa zaidi ya mbwa 60 kwa mwaka, nyie hamjafika huko.

Mjomba Salim, Houston:

Wazee nisaidie upande wa Texas maana wapo waliohamia huku wakadhani ni yale yale. Huku hawahesabu watoto, wanahesabu majike ambao hawajafungwa kizazi. Sheria ya 2011 ilikuwa inaanzia majike 11 na uwe umeuza wanyama 20 kwa mwaka, ikabadilishwa 2023 ikashuka mpaka majike watano na hicho kipengele cha kuuza 20 kikaondolewa. Kwa hiyo Mama Neema angekuwa Houston na majike wake watatu asingehitaji ya jimbo.

Halafu juu ya majimbo kuna serikali kuu, USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani), hao mpaka uwe na zaidi ya majike wanne wa kuzalisha, na wanahesabu kwa nyumba nzima, ukiwa na wawili, kaka ana wawili, shangazi ana mmoja mnakaa pamoja mmeshapita. Na si mbwa peke yake, paka naye anaingia kwenye hesabu. Ila kama unauza mnunuzi akija mkaonana uso kwa uso na mbwa yupo pale, USDA hawakusumbui. Ukianza kuwatuma kwa ndege watu waliowaona kwenye picha tu ndo unahitaji, leseni yao dola 120 kwa miaka mitatu.

Bi Rukia, Minneapolis:

Mi mtu wa Lamu mbwa na mimi wapi na wapi, jirani yangu akinipitia naye nakunja buibui 😂 lakini hii nyuzi nimeisoma yote. Minnesota kwa faida ya wenzangu, leseni ni kwa mwenye wanyama kumi au zaidi wasiohasiwa na wakazaa zaidi ya mara tano kwa mwaka, vyote viwili pamoja. Najua kwa sababu mwanangu anafanya kazi kwa daktari wa wanyama.

Lakini nauliza upande wa mnunuzi, mbona mnaongea ya muuzaji tu? Kijana wetu mmoja alituma hela ya mbwa kwenye tovuti, mbwa hakufika wala simu haikupokelewa tena.

Baba Zawadi, Harrisburg:

Shikamoo Bi Rukia. Hiyo ni utapeli wa siku zote, asiyekubali uende ukamwone mbwa na mama yake usimtumie hata senti. Kwa Pennsylvania ripoti za ukaguzi wa keneli ziko wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Kilimo, unaandika jina unasoma mkaguzi alikuta nini, mara nyingine unakuta uchafu, maji hamna, mbwa na kidonda. Leseni ukutani haimaanishi mtu ni mwema, mi nimeona wenye leseni miaka na miaka na banda linanuka tangu barabarani.

Lakini leseni inakusaidia kwa jambo moja. Ukinunua kwa mwenye keneli yenye leseni, mbwa akiugua ndani ya siku 10 na daktari akaandika, au ndani ya siku 30 akaonekana ana ugonjwa wa kuzaliwa nao, una haki ya kurudishiwa au kubadilishiwa. Ukinunua kwa mtu wa kawaida nyumbani kwake sheria hiyo haikuhusu.

Papa Bahati, Erie:

Bandugu jambo kwenu. Mi si wa kuuza, niko na imbwa moja tu, ya kulinda nyumba, na namufungaka nje sawa vile tulifanyaka Bukavu. Jirani aliita polisi. Ni nini basi, imbwa haifungwe huku?

Baba Zawadi, Harrisburg:

Papa karibu. Inafungwa lakini kwa saa. Sheria ya 2017, watu wanaiita ya Libre, ni jina la kambwa kalikookolewa huko huko Kaunti ya Lancaster 2016 kakiwa taabani. Bila mtu kuwepo usimfunge zaidi ya saa tisa katika saa 24, kamba iwe ndefu angalau futi kumi au mara tatu ya urefu wa mbwa, ile iliyo ndefu zaidi, awe na maji na kivuli. Na joto likizidi 90 au likishuka chini ya 32, za Farenhaiti, mwisho dakika 30. Erie baridi yenu mnaijua, yani Januari huko mbwa wako alale ndani tu.

Mama Neema, Lancaster:

Nimemsomea mume wangu yote, kakubali mmoja tu ndo azae, wale wengine tunawapeleka wakafungwe kizazi. Shemeji ndo kanuna, sasa anauliza kama anaweza kuleta watoto wa mbwa kutoka Nairobi auze huku.

Mjomba Salim, Houston:

Mwambie aache. Tangu Agosti 2024 mbwa chini ya miezi sita haingii Marekani, anatakiwa awe na maikrochipu, na Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya kichaa cha mbwa, pamoja na Tanzania na Kongo, kwa hiyo ni makaratasi ya chanjo na vipimo vya damu au karantini. Nauli peke yake itamla faida yote.