Mrejesho: kampuni yetu iliyokuwa na mtaji hasi

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza tufanyeje baada ya hasara za miaka 3 mfululizo kufanya madeni ya kampuni yazidi mali zake, yaani mtaji ukawa hasi. Nilifuata ushauri wa kugeuza deni nililokuwa naidai kampuni kuwa hisa: wanahisa wakapitisha azimio, hisa mpya zikatolewa na kusajiliwa. Ile namba ya mtaji iliyokaa kwenye mabano (alama ya hasi) sasa imetoka humo, ingawa ni chanya kidogo tu. Mwenzangu, ambaye naye anaidai kampuni, alikataa kugeuza deni lake kuwa hisa. Amesaini barua kwamba hatadai hadi wadai wengine walipwe. Hiyo haikubadilisha mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), ila mhasibu ameridhika kwamba tunaweza kuendelea. Benki bado imetunyima mkopo. Na uliyenionya kwamba kuthaminisha mashine upya ili mtaji upande kwenye karatasi hakuleti hela mkononi, asante, niliacha.