Naenda Kigoma na kamera, nipige picha wapi na saa ngapi?

Wakuu habari zenu. Natokea Dar, wiki ijayo nipo Kigoma kikazi na wikiendi yote iko wazi, nataka nizunguke na kamera yangu ndogo na simu nipige picha za mtaani, maisha ya watu yani, sio selfi za ziwani. Wenyeji nianzie wapi na mwanga mzuri unakuwa saa ngapi? Kinachonipa presha zaidi ni watu, kuna sehemu ukitoa kamera tu mama wa watu anajifunika kanga usoni, na mi sipendi kumpiga mtu kwa kumwibia.

Mwana wa Mwanga
Karibu sana mkuu. Kwanza sahau saa za Dar, huku ni mwisho wa nchi magharibi, jua linatoka kwenye saa moja asubuhi na kuzama kwenye saa moja jioni, linazamia upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Asubuhi nenda Kibirizi, mwalo wanaposhushia dagaa, mitumbwi ikirudi. Ila angalia mwezi kwanza! Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti na wavuvi wengi wanapumzika, utakuta mwalo umepoa. Ulizia pia kama ziwa liko wazi, 2024 walifunga uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti. Na dagaa wanavyong'aa simu inachanganyikiwa, gusa pale walipo kwenye kioo afu shusha mwanga, usiposhusha wanatoka weupe tupu.

Binti Ujiji
Kaka kuhusu watu, kamera iache kwenye begi kwanza. Wale mama wanaoanika dagaa mwaloni wako kazini, dagaa wakichelewa kutandazwa wanaharibika na hiyo ndo ada ya watoto, sasa wewe unamsimamia mbele unamzibia jua unategemea akuchekee? Toa shikamoo, nunua hata fungu moja, piga stori, afu omba. Akikataa amekataa, usimpige kwa mbali ukidhani hajaona. Akikubali usikimbilie uso, mi picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mikono ya mama mmoja anawageuza dagaa, magamba yamemganda mpaka kwenye kiwiko na bangili yake ya shaba haionekani vizuri. Uso hamna na kila anayemjua anamtambua. Watoto ulizia mzazi kwanza, na usiwape hela ya picha tafadhali, mnatuharibia.

Mwana wa Mwanga
Dada kamaliza. Mchana jua likiwa kali ingia sokoni Mwanga kwenye kivuli, madumu ya mawese yakipigwa na mwanga wa pembeni rangi yake ni balaa. Jioni shuka barabara ya Lumumba hadi stesheni, jengo la Mjerumani lile, reli ilifika hapa 1914. Bandarini, polisi na jeshini usitoe kamera bila kibali, hata kama meli imekaa vizuri kiasi gani.

Muuliza swali
Asanteni sana, nimeandika yote. Sasa huyo mama akikubali nimrudishieje picha, wengine si hawana simu kubwa?

Binti Ujiji
Isafishe kaka, studio za paspoti Mwanga wanatoa kutoka kwenye simu. Piga Jumamosi asubuhi, mchana safisha, Jumapili mpelekee mwenyewe mkononi kabla hujaondoka. Usimtumie mtu akupelekee.