Wakuu, kampuni ya wahudumu wa wagonjwa nyumbani unaijuaje kama ni ya kuaminika?

Kimya Kingi
Habari za jioni wakuu. Nina mgonjwa nyumbani, Mama. Miguu imekuwa mizito, anahitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa kwa wakati mimi nikiwa kazini. Nimeongea na kampuni mbili. Ya kwanza ilimtuma nesi, akakaa karibu saa mbili nzima, akauliza mpaka mlango wa choo unafungukia ndani au nje. Ya pili tulimalizana kwa simu, dakika 10 tu, na mhudumu anaanza Jumatatu. Wenye uzoefu, kampuni ya kuaminika unaitambuaje? Kejeli sitaki, usiku silali.

Shemeji wa Wote
Pole mkuu. Ila mzazi hakabidhiwi kampuni. Alikubeba miezi tisa bila mkataba. Oa, mkeo atamwangalia.

Mcheka Chozi
Na huyo mke analetwa na kampuni gani?

Nesi Mstaafu
Utani kando. Mwanangu, uliza kwanza mhudumu ameajiriwa na nani. Kuna kampuni inayomwajiri yenyewe, inamlipa, inamsimamia, akiugua inaleta mwingine. Na kuna madalali: wanakukutanisha naye, wanachukua chao, wanatoweka. Kuanzia hapo mwajiri ni wewe, na akiteleza bafuni akimshika mgonjwa, mzigo ni wako. Wote wanajiita kampuni. Uliza pia nani anakuja kukagua kazi bila mhudumu kupewa taarifa. Na asubuhi asipotokea, unampigia nani? Wakikupa namba, ipige usiku kabla hujasaini, uone kama kuna mtu anapokea.
Halafu mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili. Angalia visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ukiona wekundu usiopotea ukibonyeza, hicho ni kidonda kinaanza.

Kimya Kingi
Asante sana mama. Ila hajalala kitandani, anatembea vizuri tu.

Baba Pacha
Nesi kanikumbusha mbali. Mzee wangu alipopata kiharusi tuliletewa kijana mmoja, mpole, salamu mpaka unaona aibu. Kulikuwa na daftari la kuandika kila kitu: amegeuzwa saa 4, saa 6, saa 8, amekunywa uji, amepata choo. Nikawa naona daftari limejaa, moyo umetulia. Siku moja nikalisoma kwa makini. Mzee alikuwa amelazwa hospitali siku mbili, na daftari linasema amegeuzwa nyumbani kila baada ya saa mbili, siku zote mbili, kalamu moja, mwandiko umenyooka kama wa mtihani. Kijana alikuwa anajaza wiki nzima Jumapili jioni. Tulipomfunua mzee mgongo, sitaki kusimulia. Kampuni ilisema "tutamwita tuzungumze naye". Mpaka leo wanazungumza.
Daftari lisome ukijua siku hiyo kilitokea nini. Lisiloandika hata siku moja kwamba mgonjwa amekataa kula, limetungwa.

Kipanga
Mtoa mada, mimi nimekwama kwingine. Juu umesema miguu mizito, katikati anatembea vizuri. Na hao wa kwanza, baada ya saa mbili za maswali, walikujibu nini?

Kimya Kingi
Walisema watu wawili wapokezane. Na mambo mengine madogo madogo.

Kipanga
Yataje hayo madogo.

Kimya Kingi
Haya. Anasahau. Mwaka wa tatu sasa. Jua likianza kuzama anataka kwenda "kwao", na nyumba ni hii hii. Ametoka mara mbili, mara zote akarudishwa na watu nisiowajua. Kwa hiyo nikienda kazini nafunga kwa nje. Namwachia maji, chakula, redio. Yule nesi aliliona kufuli, akasema hawataanza kazi kwenye nyumba iliyofungwa hivyo. Wa pili hawakuuliza, nami sikuwaambia. Nimeshawalipa mwezi wa kwanza.
Kabla hamjanihukumu, ningefanyaje? Niache kazi? Dawa atanunua nani?

Shemeji wa Wote
Unamfungia binadamu kama mbuzi. Laana hiyo, mkuu.

Nesi Mstaafu
Shemeji, punguza. Ila mwanangu, moto ukiwaka humo ndani? Au akianguka? Kufuli la nje halimlindi, linakuficha wewe usimwone. Na jambo moja: kama hali imebadilika ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke apimwe mkojo. Maambukizi ya mkojo humvuruga mgonjwa wa namna hiyo kuliko unavyodhani, na yanatibika.

Kipanga
Jibu la swali lako unalo tangu mwanzo. Anayeuliza mlango wa choo unafungukia wapi anafikiria mgonjwa akianguka nyuma yake. Hao wa dakika 10 wanamtuma binti wa watu kwa mgonjwa wasiyemjua. Jumatatu ataingia amejiandaa kwa miguu mizito, atainama kufua, akiinuka mtu hayupo. Utamlaumu yeye, na wewe ndiye uliyemficha. Mkataba wao unasemaje ukitaka kujitoa?

Kimya Kingi
Mkataba watauleta na mhudumu.

Mcheka Chozi
Umelipa kwanza, mkataba unakuja kwa miguu 😂

Kimya Kingi
Cheka tu. Yule nesi alinisema mbele yake. Miaka 27 ya ndoa hajawahi kuniona nikikemewa kama mtoto. Ndiyo maana sikurudi kwao.

Mcheka Chozi
Ngoja ngoja ngoja. Ndoa? Mgonjwa ni mama yako, ndoa imeingilia dirisha gani? Wakuu, hii chai. Tena ya moto.

Mpita Njia
Chai bila vitafunwa. Nilijua tu, miguu mizito inayotoroka. Keshokutwa anatuwekea namba ya simu ya hiyo kampuni ya pili.

Baba Pacha
Nami nimemwaga habari za mzee wangu kwenye chai ya watu. Dah.

Kimya Kingi
Mama watoto. Alipozaliwa wa kwanza nikaanza kumwita Mama, jina lake likaishia hapo. Ana miaka 56. Nikisema mke, swali linalofuata ni miaka 56 ni usahaulifu gani, nimeshalijibu mpaka nimechoka. Mlipodhani ni mzazi nikaacha, ilikuwa rahisi zaidi. Samahani Baba Pacha.

Nesi Mstaafu
Huwapata watu hata kabla ya miaka 65, nimewahudumia. Kumbe rika langu, nami nakuita mwanangu.

Mcheka Chozi
Nafuta chai yangu. Ila Shemeji alimshauri aoe mke aje amlee mke.

Shemeji wa Wote
Niacheni.

Kipanga
Ukirudi kwa wale wa kwanza, usikubali wakuletee sura mpya kila wiki. Mgonjwa anayesahau anahitaji watu wale wale wawili. Siku za mwanzo ukae nao, uone wanamvalishaje akikataa, wanamvuta au wanasubiri. Na mengine yote waambie, hata kama anapiga.

Kimya Kingi
Anapiga, ndiyo. Nimempigia simu yule nesi. Hakunisema. Atakuja kesho kutwa na mmoja wa wahudumu, wakae naye kwanza wazoeane. Wa pili nimewaambia ukweli wote, wakasema bei inabadilika. Nimedai changu, bado hawajajibu.

Kipanga
Na ufunguo leo uko wapi?

Kimya Kingi
Nimeomba ruhusa kazini. Mlango uko wazi, tumekaa kibarazani. Ameniuliza mume wangu anarudi saa ngapi, nikamwambia saa 12.